Barua ya vitisho yenye neno lako la siri: Usilipe, badili kufuli

CHUKULIA wewe ni mnunuzi wa mahindi na maharage katika kata ya Nyamigogo, wilayani Biharamulo. Ni jioni, umemaliza kupakia magunia, umekaa barazani unaangalia simu. Inaingia barua pepe ya Kiingereza. Mwanzoni kabisa, kabla hata ya salamu, limeandikwa neno lako la siri, lile lile ulilolitumia kwa miaka, lenye jina la mwanao wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Hakuna mtu uliyewahi kumtajia neno hilo.

Mwandishi wa barua anadai kuwa ameingia ndani ya simu yako. Anasema aliwasha kamera bila wewe kujua, akakurekodi ukitazama picha za aibu, kisha akanakili majina ya ndugu, wateja na marafiki zako wote. Anataka dola mia kadhaa, wakati mwingine zaidi ya elfu moja, zilipwe kwa sarafu ya Bitcoin ndani ya saa 24 au 48. Usipolipa, anasema, video itamfikia kila mtu unayemfahamu.

Kwa mtu wa mjini mwenye mshahara, hilo ni jambo la kutisha. Kwa mfanyabiashara mdogo wa kijijini ni zaidi ya hapo, kwa sababu mtaji wake mkubwa ni jina. Anachukua mazao kwa mali kauli, anawalipa wakulima baada ya kuuza, na wanamwamini kwa kuwa wanamjua yeye na ukoo wake. Jina likichafuka, msimu ujao hakuna wa kumpa hata debe moja. Ndiyo maana mtu wa namna hii, akipokea barua hiyo usiku peke yake, anaweza kuamka asubuhi akiwa tayari kuuza ng'ombe ili alipe.

Asilipe. Katika makala haya tutaeleza kwa nini barua hiyo ni ya uongo, kwa nini neno la siri lililomo ni la kweli, na kwa nini hilo la pili ndilo linalopaswa kumsumbua mkulima na mfanyabiashara kuliko vitisho vyote vilivyoandikwa chini yake.

Barua ilianzia wapi

Barua za kutishia watu kwa picha za aibu ni za zamani. Kilichobadilika ni kwamba mnamo Julai 2018 watu wengi katika nchi mbalimbali walianza kupokea barua zenye neno la siri la kweli la mpokeaji. Mwandishi wa habari za usalama wa kompyuta wa Marekani, Brian Krebs, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuziandika mwezi huo huo. Wengi wa waliomwandikia walisema neno lililotajwa lilikuwa lao kweli, lakini la zamani sana, ambalo walikuwa wameacha kulitumia.

Hapo ndipo siri ya barua hii ilipo. Tapeli hakulipata neno hilo ndani ya simu yako. Alilipata kwenye orodha zilizoibwa katika makampuni makubwa ya intaneti, orodha ambazo huuzwa na kununuliwa na wahalifu, na baadaye hutupwa wazi kwa yeyote anayezitaka.

Orodha hizo ni kubwa mno. Mtandao wa LinkedIn uliibiwa mwaka 2012, na mwaka 2016 ikabainika kuwa anwani na maneno ya siri ya watu wapatao milioni 117 yalikuwa yanauzwa. Kampuni ya Yahoo ilikiri mwaka 2017 kwamba wizi uliotokea mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote, yaani bilioni 3. Januari 2019 ikaonekana hadharani lundo moja lililokusanywa kutoka wizi wa sehemu nyingi, lenye anwani za barua pepe zaidi ya milioni 770.

Msomaji wa Nyamigogo atauliza, mimi na LinkedIn wapi na wapi? Swali ni la haki. Lakini wapo Watanzania wengi waliofungua anwani za Yahoo walipokuwa shuleni, chuoni au walipopita kwenye mikahawa ya intaneti Mwanza, Bukoba na Kahama. Aidha, si kampuni kubwa pekee zinazoibiwa. Kila mahali ulipowahi kujiandikisha kwa barua pepe na neno la siri, iwe ukurasa wa michezo, wa kupakua nyimbo au wa kutafuta kazi, ni ghala lenye ufunguo wako. Ghala moja likivunjwa, ufunguo umetoka, na wenye maghala madogo mara nyingi hawatangazi kwamba wameibiwa.

Kampuni makini haziweki maneno ya siri jinsi yalivyo, huyavuruga kwanza kwa hesabu maalumu yasisomeke. Hata hivyo, neno jepesi kama jina la mtu na mwaka linaweza kukisiwa na kompyuta ya mwizi kwa muda mfupi sana, hata kama lilivurugwa. Neno refu lisilotabirika humchukua muda mrefu, na mara nyingi huliacha akaenda kwenye mengine.

Hesabu ya tapeli

Mfanyabiashara huielewa biashara ya mwenzake kwa kuangalia hesabu. Tuiangalie ya huyu.

Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Check Point ilichunguza mtandao mmoja wa kompyuta zilizotekwa na wahalifu ili kutuma barua za aina hii. Ilikuta kwamba mtandao huo uliweza kutuma hadi barua 30,000 kwa saa moja, na kampeni moja ingeweza kulenga watu hadi milioni 27. Kwa miezi mitano waliyofuatilia, fedha zilizoingia zilikuwa zaidi ya dola 110,000.

Ukichukulia kwamba kila aliyelipa alitoa dola 800, hao ni watu wapatao 140 tu. Watu 140 kati ya mamilioni. Ni kama mtu anayerusha mbegu barabarani kutoka Lusahunga hadi Rusumo bila kulima, bila kupalilia, akijua kwamba hata kama zitaota punje chache, mbegu zenyewe hakuzinunua. Barua hazimgharimu kitu, kwa hiyo hata mavuno madogo kiasi hicho ni faida tupu.

Hesabu hiyo inatuambia jambo la muhimu. Mashine inayotuma barua 30,000 kwa saa haikujui. Haijui unaishi Nyamigogo au Nairobi, una mke au huna, unauza maharage au unafundisha shule. Inachojua ni mistari miwili iliyokaa pamoja kwenye orodha ya wizi, yaani anwani yako na neno la siri. Maneno mengine yote ya barua ni yale yale kwa kila mpokeaji.

Ndiyo maana barua hizo haziambatanishi picha hata moja. Jiulize kama mfanyabiashara. Mtu mwenye bidhaa anayotaka ununue, si atakuonyesha sampuli? Anayeuza mahindi hufungua gunia, ukatia mkono ukaona punje. Tapeli angekuwa na video, angekuonyesha sekunde mbili tu na ungelipa usiku huo huo. Hakuonyeshi kwa sababu hana.

Zipo barua nyingine zinazoonekana kama zimetumwa kutoka kwenye anwani yako mwenyewe, na mwandishi anajigamba kuwa hiyo ni dalili kwamba ameiteka akaunti. Huo nao ni mchezo. Jina la mtumaji katika barua pepe linaweza kughushiwa, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina la jirani yake nyuma ya bahasha na kuitia posta. Jirani hajaandika kitu.

Debe tupu na simba mwenda pole

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Barua ya vitisho ni debe hilo. Lakini wahenga hao hao walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na hapa ndipo makala haya yanapotaka msomaji asimame.

Neno lako la siri likishakuwa kwenye orodha ya wizi, haliko mikononi mwa mpiga kelele mmoja. Wako wengine wasiokuandikia kitu. Wao wana programu zinazochukua anwani na neno lako na kulijaribu sehemu nyingine moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye barua pepe, Facebook na kwingineko. Kama umetumia neno moja kila mahali, ni sawa na mtu mwenye kufuli za ufunguo mmoja kwenye nyumba, ghala na duka. Aliyeokota ufunguo wa ghala amepata vyote.

Mlango mkubwa kuliko yote ni barua pepe. Ukisahau neno la siri la akaunti nyingine, kwa kawaida kiungo cha kuweka jipya hutumwa kwenye barua pepe. Hivyo aliyeishika barua pepe yako anaweza kuzikomboa akaunti zako nyingine kimoja kimoja huku wewe umelala.

Tuchukulie mfano wa kibiashara. Umejikusanya na wenzako watano mnunue mashine ya kukoboa na kusaga kutoka nje ya nchi. Mmeandikiana na muuzaji kwa wiki tatu, mkakubaliana bei na usafiri. Mtu aliyeingia kimya kwenye barua pepe ya mmoja wenu anasoma kila kitu, hasemi neno. Siku ya kulipa ikikaribia anawaandikia kwa jina la muuzaji, kwa lugha ile ile na nembo ile ile, kwamba akaunti ya benki imebadilika, walipe kwenye hii mpya. Mnalipa. Mashine haiji, na muuzaji wa kweli anawauliza fedha ziko wapi.

Wizi wa aina hii ndio unaofilisi biashara duniani. Nchini Marekani pekee, malalamiko yaliyofikishwa kwa FBI mwaka 2023 kuhusu udanganyifu wa barua pepe za kibiashara yalihusu hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9. Linganisha na zile dola 110,000 za mpiga kelele, utajua simba ni yupi.

Anayeuza maharage kwa wanunuzi wa ng'ambo ya Rusumo au Kabanga asidhani hayamhusu kwa kuwa anatumia WhatsApp zaidi ya barua pepe. Kanuni ni moja. Ujumbe wowote unaosema namba ya kulipia imebadilika usiaminiwe mpaka umempigia mhusika kwa namba uliyokuwa nayo siku zote na kumsikia sauti.

Namba nne za pesa za simu

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Aprili 2008, nyingine zikafuata, na leo mfanyabiashara wa kijijini huweka sehemu kubwa ya mtaji wa msimu kwenye laini. Mlinzi wa mtaji huo ni namba ya siri yenye tarakimu chache. Watu wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa, wao au mtoto.

Sasa rudi kwenye ile barua. Kama neno lako la siri lilikuwa jina la mwanao na mwaka aliozaliwa, na namba ya siri ya pesa za simu ni mwaka huo huo, tapeli amepewa nusu ya njia bila kutoka jasho. Akimpata mtu wa karibu anayeishika simu yako, au akifanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi nyingine, nusu iliyobaki ni fupi.

Mbinu ya barua hii ni ndugu wa ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameuona, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anayeutuma hajui kama ulikuwa na hela ya kumtumia mtu. Anawatumia maelfu, akitumaini kwamba mmoja wao asubuhi hiyo aliahidi kumtumia fundi au mwenye shamba. Huyo mmoja ataona kama ameandikiwa yeye. Barua yenye neno la siri hufanya hivyo hivyo, ila yenyewe ina kitu kimoja cha kweli, na hicho ndicho kinachomfanya mtu aamini mengine yote.

Kufuli zetu hufungwa na nani?

Wataalamu wengi husema tatizo ni watu kuchagua maneno mepesi. Kwa mazingira ya vijiji vya Biharamulo na Ngara hiyo ni nusu ya habari. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba watu wengi hawakuchagua neno lolote. Walichaguliwa.

Mkulima ananunua simu janja. Simu inadai akaunti ya Google ili apakue programu. Muuzaji au fundi simu anamfungulia pale pale, anaandika jina, anabuni neno la siri, pengine anaweka hata namba yake mwenyewe kama namba ya kurejesha akaunti. Mteja anaondoka na simu inayowaka. Hajui neno la siri ni lipi wala kwamba ana barua pepe.

Ndivyo ilivyo pia kwenye steshenari. Anayetaka namba ya mlipakodi, anayesajili jina la biashara BRELA, kikundi kinachotaka kuingia kwenye mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST ulioanza mwaka 2023, mzazi anayemwombea mtoto mkopo wa elimu ya juu, wote hufika kwa kijana mwenye kompyuta. Yeye ndiye anayefungua, anayejaza na anayejua neno la siri. Mara nyingi neno ni moja kwa wateja wote ili asisahau. Tangu msimu wa 2022/23 hata mbolea ya ruzuku hupatikana kwa mkulima kusajiliwa katika mfumo wa kidijitali, na namba ya simu ikawa sehemu ya utambulisho wake.

Hatusemi vijana hao ni wezi. Wengi wao ni waaminifu na bila wao wananchi wangekwama. Lakini ufunguo wa nyumba yako hauachwi kwa fundi aliyejenga, hata kama ni mpwa wako. Daftari la steshenari likipotea, kompyuta ikiuzwa au kijana akihama, funguo za kijiji kizima zimehama naye.

Wala hatuwezi kumlaumu mkulima. Serikali, mabenki na makampuni yameihamishia kazi yao kwenye simu haraka kuliko walivyowafundisha watu. Fomu inadai barua pepe kwa mtu ambaye hajawahi kuituma, tena kwa Kiingereza. Mzee asiyeona vizuri humtajia wakala namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni kwa sababu hakuna njia nyingine aliyoonyeshwa. Vyama vya msingi na halmashauri vinaposajili watu vingeweza angalau kufanya jambo moja lisilo na gharama, kumpa mwenye akaunti simu aandike neno la siri kwa mkono wake, na kumwambia kwamba hilo ni lake peke yake.

Ufanye nini barua ikifika

Kwanza, usijibu, usilipe, usibonyeze kiungo wala kufungua kiambatisho. Ukijibu, unamthibitishia tapeli kwamba anwani ina mtu na mtu ameogopa. Kumbuka pia kwamba malipo ya Bitcoin hayarudishwi na hakuna ofisi ya kuyalalamikia. Benki Kuu ya Tanzania ilikwisha kutoa tahadhari kwa umma kuhusu sarafu hizo Novemba 2019.

Pili, litazame neno la siri lililotajwa. Kama ni la zamani uliloacha, barua ni kelele tupu. Kama bado unalitumia popote, huna haja ya kuhofia video, una haja ya kubadili kufuli leo hii. Ingia kwenye akaunti yako kwa njia uliyoizoea, si kwa kiungo cha kwenye barua, na ubadilishe.

Tatu, anza na barua pepe, kisha Facebook, kisha nyingine. Kila akaunti iwe na neno lake. Neno zuri ni refu kuliko kuwa gumu. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, ukipenda kwa Kisubi, Kihangaza au Kihaya, yanayokufanya wewe ukumbuke kitu. Usitumie jina la mtoto, mwaka wala namba ya simu. Ukiogopa kusahau, andika kwenye daftari na ulifungie ndani pamoja na hati ya kiwanja. Daftari lililofungiwa nyumbani ni salama kuliko neno moja lililosambazwa kila mahali.

Nne, ndani ya mipangilio ya akaunti tazama namba ya simu na anwani ya kurejesha akaunti. Ukikuta ya fundi, iondoe, weka yako. Tazama pia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Usichokitambua, kitoe. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, ambao humtaka anayeingia kutoa pia namba inayotumwa kwenye simu yako. Namba hiyo usimtajie mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ametoka makao makuu ya kampuni.

Tano, badili namba ya siri ya pesa za simu kama inafanana kwa namna yoyote na neno lililovuja. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, wapo mawakala wasio waaminifu waliomwambia mteja kidole hakijasoma, aweke tena, kumbe mara ya pili wanasajili laini nyingine kwa jina lake. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma wako iondolewe.

Sita, kama una kijana anayejua Kiingereza, akusaidie kufungua ukurasa wa Have I Been Pwned, ulioanzishwa Desemba 2013 na mtaalamu wa Australia, Troy Hunt. Unaandika anwani yako ya barua pepe tu, nao unakuambia bila malipo ni katika wizi gani uliojulikana anwani hiyo imeonekana. Ni vema kuangalia hata kabla hujatishwa na mtu.

Ikiwa umeshalipa, usiongeze. Aliyelipa mara moja huwekwa kwenye orodha ya wanaolipa. Kama ulituma kwa pesa za simu, piga namba 100 ya huduma kwa wateja papo hapo, kwa kuwa kila dakika ina maana kabla fedha hazijatolewa.

Tishio likiwa la kweli

Lipo tishio la aina nyingine ambalo lisichanganywe na hili. Mtu uliyefahamiana naye mtandaoni anakushawishi umtumie picha au mzungumze kwa video, kisha anakuonyesha alichorekodi na kudai fedha. Au umeuza simu ya zamani bila kufuta picha zilizokuwemo, na aliyeinunua anakutishia. Huyu ana kitu mkononi. Hata yeye usimlipe, kwa kuwa picha haiishi kwa kulipwa. Usifute mazungumzo, piga picha za skrini, andika tarehe na namba, nenda polisi.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, inahusu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, kughushi, udanganyifu na kujifanya mtu mwingine. Kudai mali kwa vitisho ni kosa pia katika Kanuni ya Adhabu. Kwa ujumbe wa simu wa kitapeli, Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ambako mwananchi huusambaza ujumbe huo na kutaja namba iliyoutuma ili ifungiwe. Kwa upande wa wanaokusanya taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana wazilinde, na ipo Tume ya kupokea malalamiko.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba mtumaji wa barua aliye nje ya nchi atakamatwa wiki ijayo. Wakati mwingine hukamatwa. Kati ya Septemba na Oktoba 2024 operesheni ya Interpol iliyoitwa Serengeti, iliyozishirikisha nchi 19 za Afrika ikiwemo Tanzania, ilikamata watuhumiwa 1,006 wa makosa ya mtandao, yakiwemo ya vitisho vya kudai fedha. Lakini polisi hawawezi kukubadilishia kufuli. Hiyo ni kazi ya mwenye mlango.

Aibu ndiyo inayouzwa

Mwisho, tuzungumzie kile kinachomfanya mtu mwenye akili timamu auze ng'ombe kwa ajili ya barua ya mashine. Ni kukaa na jambo peke yake. Tapeli anaweka muda wa saa 24 kwa makusudi, ili usipate nafasi ya kumwuliza mtu. Anachagua jambo la aibu kwa makusudi pia, ili hata ukipata nafasi usithubutu.

Dawa yake ni kumwonyesha mwenzako usiku huo huo, awe mke, mume, kaka au mhasibu wa kikundi. Siri ikishasikika na mtu wa pili, haraka inapungua, na watu wawili wakiisoma barua kwa utulivu wataona kwamba haina jina, haina kijiji, haina picha, ina neno moja tu la siri lililookotwa mbali.

Kikundi cha kuweka na kukopa kinachokutana wiki hii kinaweza kutenga dakika kumi za kikao kwa jambo hili. Mmoja asome kwa sauti mfano wa barua kama hiyo kwa Kiswahili. Kisha kila mwenye simu janja aulizwe swali moja, barua pepe yako ilifunguliwa na nani, na neno la siri analo nani? Watakaoshindwa kujibu waanze kubadili kabla mazao hayajauzwa na fedha hazijaingia kwenye simu.